Vikombe Kumi na Tisa vya Chai

Skolastika, fundi cherehani wa Sokon I mjini Arusha, hakujua kusifia kitabu asichokipenda, kama vile asivyojua kumwambia mteja kwamba gauni limemkaa wakati limemning'inia. Watu walimwita Mama Yiamat, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na waliomzoea walivuta pumzi kidogo kabla ya kumuuliza, "Unaonaje?" Angekwambia anavyoona. Angekwambia yote, na ukidhani amemaliza, angekumbuka jingine ukiwa umeshafika mlangoni.

Riwaya alizisoma kati ya nguo na nguo, miguu ikiwa bado juu ya pedali. Wasomaji wenzake walikuwa wawili tu. Wa kwanza ni Ruth, muuguzi mstaafu wa Moshono, mama mpole wa Kimeru ambaye huanza kulia kwenye ukurasa wa shukrani, kabla hata hadithi haijaanza. Wa pili ni mzee Philemoni wa Akheri, bwana shamba mstaafu, aliyefiwa na mkewe miaka mitatu iliyopita. Kitabu kimoja kilizunguka kwa wote watatu, na kila aliyekimaliza aliandika maoni yake akayaacha humo humo kwa ajili ya anayefuata. Jumamosi walikutana dukani kwa Skolastika kubishana.

Ruth aliandika kwa penseli mwishoni mwa kitabu, kwa herufi ndogo kama mtu anayeomba radhi. Mzee Philemoni alitumia karatasi ya mistari, tarehe juu na kichwa cha habari kimepigiwa mstari, kama ripoti ya wilayani. Skolastika alitumia vile vikaratasi anavyoandikia vipimo vya wateja, akakibana kimoja kwa pini kwenye jalada, na ndani yake aliandika kama fundi.

Kuhusu riwaya nene ya mapenzi iliyokuwa ikisifiwa redioni, aliandika: "Kifua kipana, kiuno hakuna. Msichana anazimia mara tatu. Mara ya tatu hata mimi sikumwinua." Kuhusu ya upelelezi: "Nje imeshonwa vizuri, ndani haina bitana. Muuaji nilimjua ukurasa wa thelathini, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa mcheshi." Na kuhusu ile iliyopata tuzo, ambayo mwandishi wake alipita kurasa tano nzima bila kuweka nukta: "Kitambaa cha ghali sana. Laiti angekikata."

Usidhani mzee Philemoni alikuwa na huruma zaidi. Mwandishi mmoja wa mjini aliwaleta wahusika wake kwenye miteremko ya Meru wakachuma kahawa mwezi wa Aprili, na mzee akajaza karatasi mbele na nyuma kueleza kwamba mwezi wa Aprili buni za Meru bado ni za kijani kama njegere. Katika shamba hilo hilo, sura hiyo hiyo, watu wawili walikuwa wameuawa kwa panga. Mzee hakuandika hata neno moja juu yao.

Hivyo ndivyo walivyoishi, wakiwacheka waandishi wasiowajua, mpaka Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Februari mzee Philemoni alipokuja na kitabu chake mwenyewe. Kilikuwa bunda la karatasi lililobanwa kwa springi ya plastiki, jalada la bluu, na jina "Nyumba ya Migombani". Alikiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa kwa mikono miwili.

"Msinionee haya," alisema. "Semeni kama mnavyosema vya wengine. Mkimaliza ninyi, nakipeleka kikachapwe."

Ruth alikuwa wa kwanza. Alilia, akaandika "Nimeguswa sana," akakipitisha.

Skolastika alikisoma kwa siku nne. Kilikuwa kisa cha bwana shamba aitwaye Elia, anayepigana na ugonjwa wa chulebuni uliokuwa ukikausha buni za kijiji kizima, na mkewe Upendo anayemngoja nyumbani. Maoni yake hayakutosha kwenye kikaratasi kimoja, ikabidi abane viwili.

"Mabega yamekaa," aliandika. "Chulebuni unaijua, na ile vita yake nimeisoma nimesimama, mteja ananingoja. Lakini huyu mke hana mwili. Ana sinia tu. Kila akiingia anaingia na chai. Nimehesabu, vikombe kumi na tisa. Neno lake ni 'karibu' au 'pole na kazi'. Ukimtoa kabisa kitabu hakipungukiwi na kitu, ila Elia atabaki na kiu."

Ile sentensi ya mwisho ilimchekesha mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaona imetulia, akachoma pini.

Jumamosi iliyofuata mzee Philemoni alisoma vikaratasi vile akiwa amesimama karibu na mlango, mahali penye mwanga. Alivisoma polepole. Kisha akavikunja, akasema "Asante, Mama Yiamat," akachukua bunda lake akaondoka bila hata kuonja karanga za Ruth. Jioni simu ya Skolastika ikatoa mlio. Philemoni alikuwa amejitoa kwenye kundi lao la WhatsApp. Na kundi la watu watatu akitoka mmoja, si kundi tena.

"Kanuna," Skolastika alimwambia Ruth kwa simu. "Yeye wa kuwachambua wenzake kurasa mbili kwa sababu ya buni, leo kanuna."

Ruth alishusha sauti.

"Mama Yiamat, yule Upendo ni Mama Nancy."

"Mama Nancy gani?"

"Aikaeli! Mkewe! Hukuona pale mbele ameandika 'Kwa A.'? Kitabu kizima amemwandikia marehemu."

Skolastika aliweka mkasi mezani. "Aikaeli?" alisema. "Mbona Aikaeli hakuwa vile hata kidogo!"

Na hapo ndipo aibu ilipomshika, aibu ya kweli, ya kupandisha joto shingoni. Aikaeli alikuwa mteja wake kwa miaka kumi na minane. Amempima mabega na kiuno, amemshonea gauni la harusi ya Nancy, na ndiye aliyemshonea hata lile la mwisho, la kuzikiwa. Sasa amesoma kurasa mia mbili na kumi zinazomhusu na hakumtambua popote, halafu amemwandikia mumewe kwamba marehemu akitolewa kitabu hakitapungukiwa na kitu.

Usiku huo hakula vizuri. Asubuhi alianza kuandika ujumbe. "Samahani mzee, kitabu ni kizuri." Akaufuta, maana ni uongo. "Samahani mzee, lakini." Akaufuta, maana ile "lakini" ingeharibu kila kitu. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Siku ya pili ikaita tena. Kuomba radhi kwa kusema kweli lilikuwa jambo ambalo hakulijua lilivyokatwa, na Skolastika si mtu wa kuanza kushona nguo asiyoijua.

Wiki zikapita. Ruth, ambaye kila Jumapili hupanda Akheri kusali usharika wa kwao, alileta habari. Mzee hataki tena habari ya kuchapisha. Lile bunda amelitupa darini jikoni, pamoja na magunia matupu, na amesema masika yakianza na kuni zikalowa, zile karatasi zitafaa kuwashia moto.

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo. Na si mtu wa utani wakati huu."

Skolastika alitazama juu, upande wa Mlima Meru. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa huko tangu juzi. Aliogopa. Alikuwa hajawahi kuogopa mvua tangu alipoacha kuanika nguo za wateja nje.

Siku chache baadaye, Alhamisi, alikwenda Moshono kumpima Ruth gauni la Pasaka. Ruth alikuwa bado jikoni, kwa hiyo Skolastika alikaa uani, kando ya ua wa masale, akafungua riwaya mpya iliyokuwa kwenye mzunguko. Ruth alikuwa ameshikilia kwamba mzee aendelee kuletewa vitabu kwa zamu yake, ajibu asijibu, na hiki baada ya Skolastika kilikuwa chake. Kilikuwa kitabu kibaya kupita kiasi. Kufikia ukurasa wa arobaini na moja, mhusika mkuu alikuwa bado anapanga begi la safari.

"Mama Yiamat, njoo nimeshamaliza!"

Skolastika alitafuta cha kuweka alama, hakuona karatasi, akanyoosha mkono akachuma jani moja la sale pale uani. Lilikuwa refu, likachomoza juu na chini ya kitabu. Fundi hawezi kuona kitu kirefu akakiacha, kwa hiyo akalipunguza kwa kulipiga fundo, akalibana ndani ya ukurasa, akaingia kumpima mwenzake.

Alipomaliza kupima, hamu ya kusoma ilikuwa imekwisha. "Hiki sikimalizi," alisema, akimkabidhi Ruth kitabu. "Mpelekee tu mzee. Pengine yeye atamsaidia kufunga hilo begi."

Ruth alipokea. Aliona ncha ya kijani imechomoza, na fundo lake. Macho yakamjaa machozi. Skolastika akadhani ni gauni limempendeza, akaridhika, akaondoka.

Sasa, kwa Wameru, na kwa jirani zao Wachaga pia, jani la sale lililofungwa fundo si jani. Ni ombi la msamaha, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kulikataa. Magomvi ya mipaka yamekwisha kwa jani hilo, na mengine makubwa kuliko hayo. Skolastika ni Mwarusha. Kwao mtu anayetaka amani hushika majani mabichi ya ardhini, nyasi. Habari ya sale alikuwa ameisikia, nani asiyeisikia mji huu, lakini alipolichuma pale Moshono hakuwa akifikiria msamaha wa mtu yeyote. Alikuwa akifikiria ukurasa.

Jumatano iliyofuata alikuwa dukani, pini tatu mdomoni, mteja mmoja mbele yake akiwa na gauni lenye mkono mmoja, pikipiki iliposimama nje. Mzee Philemoni alishuka. Alikuwa amevaa koti na tai, kofia mkononi, na dereva wa bodaboda akashusha mkungu wa ndizi akauegemeza mlangoni.

"Mama Yiamat," mzee alisema, amesimama wima kama anayesoma risala. "Nimepokea, na nimesamehe. Mbele ya Mungu, na mbele ya mama huyu ambaye simfahamu."

Mteja mwenye mkono mmoja aliitika kwa adabu.

Skolastika alitoa pini mdomoni, moja moja. "Shikamoo mzee. Umepokea nini?"

"Marahaba." Mzee alitia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa kitambaa cheupe, akakifunua. Ndani yake mlikuwa na jani, limeanza kunyauka, na fundo lake. "Jumapili ile mvua ilikuwa imeshaanza huko kwetu. Nilikuwa nimeshateremsha zile karatasi darini, kiberiti mkononi. Ruth akaingia amelowa, akanipa kitabu kwa mikono miwili. Nikalikuta hili. Nikaweka kiberiti chini."

Skolastika alilitazama jani lile, akakumbuka ua wa Ruth, na akaelewa. Akaelewa pia machozi ya Ruth, kwamba hayakuwa ya gauni.

Jambo lilikuwa rahisi kabisa. Alitakiwa kunyamaza tu. Mzee amerudi, kitabu kimepona, ndizi ziko mlangoni, na hakuna aliyemuuliza swali. Mtu mwingine yeyote hapa Arusha angesema "Asante mzee, karibu kiti." Lakini mtu aliyezoea kusema kweli maisha yake yote ana shida hii, hana mazoezi ya kitu kingine. Alimwona mzee alivyolishika lile jani, akaona hawezi kumwachia ashike uongo.

"Mzee, kaa kwanza," alisema. "Hilo jani lilikuwa alama ya ukurasa."

"Mama nawe!" mteja alimaka.

Mzee Philemoni hakukaa. Alikunja kitambaa, kona moja baada ya nyingine, akakirudisha mfukoni.

"Ukurasa wa arobaini na moja," alisema. "Najua. Nilijiuliza njia nzima, ni nani anayeomba msamaha kupitia kitabu kibovu namna ile? Yule kijana mpaka ukurasa wa sabini hajafunga begi."

"Unajua? Sasa mbona umekuja na tai?"

"Kwa sababu sale likishafika halihojiwi limefikaje. Hiyo ndiyo sheria yake." Sasa akakaa, kwenye benchi la wateja, kofia magotini. "Na kwa sababu nilikuwa natafuta pa kupitia. Wiki tano, Mama Yiamat. Kule juu sina wa kubishana naye isipokuwa redio."

Skolastika alitaka kucheka, ila uso wa mzee haukuwa wa kuchekwa bado.

"Nilikasirika kwa sababu ulihesabu sawa," mzee aliendelea. "Nilihesabu mwenyewe nikitumaini umekosea. Ni kumi na tisa. Basi nikasema, vizuri, namwandika upya, nampa maneno. Nikakaa na kalamu siku tatu. Sikuwa nayo, mama. Miaka thelathini na minne nimeishi naye. Nikitafuta kichwani nini kingine alifanya, namwona anaingia na sinia. Anasema pole na kazi. Anatoka. Sikuwahi kumuuliza anakoelekea akitoka."

Mteja alijishika ule mkono usio na nguo. Skolastika akaona sasa ameelewa jinsi kuomba radhi kunavyokatwa.

"Basi sasa naomba msamaha," alisema. "Kwa mdomo wangu, bila jani. Si kwa maoni, mzee, maoni ni yale yale. Naomba kwa ile ya kiu. Ile niliiandika kwa sababu ilinifurahisha mwenyewe. Kumbe nilikuwa namcheka Aikaeli, na mimi nilimpenda."

Mzee alitikisa kichwa. "Ile ya kiu ilikuwa nzuri," alikiri. "Niliicheka nikiwa barabarani. Ndipo nikazidi kukasirika." Akageuza kofia yake. "Ruth alinieleza kwamba hukumtambua. Umemshonea miaka yote ile, unasoma kitabu kizima, humtambui?"

"Ningemtambuaje? Mimi namjua mwingine."

"Mwingine yupi?"

Skolastika alivuta kigoda akakaa mbele yake. "Yule aliyekuwa anakuja hapa siku za Jumatano."

"Kuleta nguo. Hilo nalijua."

"Nguo zipi, mzee? Zile nguo hazikuwa na tatizo. Anafumua pindo njiani, mimi nalirudishia. Anakaa hapo hapo ulipokaa, saa mbili, saa mbili na nusu."

"Akifanya nini?"

"Anapumzika."

"Anapumzika nini?"

"Kahawa. Ng'ombe. Kwaya." Skolastika alisita kidogo, akaona haina maana kuanza kusita leo. "Na wewe."

Mzee aliweka kofia pembeni.

"Na akishapumzika anaanza kuigiza watu. Mchungaji alimwigiza, mimi aliniigiza nikipima tumbo la mteja bila kusema neno baya, akaniweza kabisa. Lakini wewe ndiye alikuwa anakupatia zaidi. Alikuwa anakuigiza unavyohutubia miche ya kahawa. Anaweka mikono nyuma hivi, anasema, 'Ndugu miche, nimepokea taarifa zenu.'"

"Sijawahi kusema hivyo," mzee alisema. Kisha akafikiri. "Mara moja tu."

"Basi anaanza kucheka kabla hajamaliza, na mimi nacheka, tunaacha kazi. Anacheka mpaka anashika ukuta, pale, karibu na kioo."

Mzee Philemoni aliutazama ukuta ule. Aliutazama muda mrefu, ukuta wenyewe umepakwa rangi ya krimu, hauna kitu ila kalenda. Kisha akatoa kalamu na karatasi ya mistari iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya goti.

"Alikuwa anashika kwa mkono upi?"

"Wa kushoto. Wa kulia uko tumboni."

Akaandika. Aliandika mistari mitatu, halafu kalamu ikasimama.

"Mimi sikuwahi kumwona hivyo," alisema. "Hata siku moja."

"Andika na hilo," Skolastika alimwambia. "Halafu uniletee nisome."